Pesa ya korosho hailali miezi sita

Juzi usiku mdogo wangu aliingia chumbani kwangu na simu mkononi, akanifungulia ujumbe wa sauti wa shemeji, mumewe aliyeko Leicester, Uingereza. Dakika mbili nzima mtu mzima anajitetea. Alishikwa na homa mwezi Machi, akakosa zamu za wiki mbili, basi wastani wa mishahara yake ya miezi sita umeshuka chini ya pauni 29,000 kwa mwaka, kima ambacho Uingereza inamtaka mume awe nacho ndipo mkewe apewe viza ya kumfuata. Inabidi waanze kuhesabu upya. Anaomba radhi. Kwa kuumwa!

Nina hasira, kwa hiyo anayetaka makala ya busara apite wiki ijayo.

Shemeji ni mtoto wa Mikindani, ana ukaazi wa kudumu Uingereza, na kazi yake ni kuwageuza wazee wa watu kitandani usiku, kuwaogesha na kuwalisha. Analipwa kima cha chini cha kule, ambacho Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Pigeni hesabu: saa 40 kwa wiki, wiki 52, inakuja kama 25,400. Serikali iliyopanga kwamba mshahara huo unamtosha mtu ndiyo hiyohiyo inayosema haumtoshi kuishi na mkewe. Ili afike, apige karibu saa 46 kila wiki, na homa aiambie isubiri.

Kima cha zamani cha viza kilikuwa 18,600. Hapa ndipo ninapocheka peke yangu kama chizi. Posa ilishapokewa, wazee wakasema Ramadhani imekaribia, ndoa ingoje Mfungo Mosi. Idd ikawa Jumatano, tarehe 10 Aprili 2024. Kima kipya kikaanza Alhamisi, tarehe 11. Ndoa ikafungwa Jumamosi. Sufuria la pilau halijapoa, wenzetu wameshapandisha bei.

"Si watumie akiba?" aliniuliza jirani mmoja anayejua kila kitu. Ndiyo, akiba inaruhusiwa, ya mume hata ya mke. Ila pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa, kinachozidi hapo kinagawanywa kwa mbili na nusu, na kwa kawaida zote ziwe zimelala benki miezi sita. Kuziba pengo la shemeji la pauni 3,600 kwa mwaka kunataka kama 25,000 zimejilalia tu, hazina kazi.

Zilale! Mtwara hii, nani ana pesa inayolala? Mdogo wangu ana mikorosho ya marehemu baba kule Nanyamba, na cherehani barazani. Mnada ukifanyika na malipo yakitoka, pesa haimalizi hata mwezi imekaa. Kuna deni la salfa, dawa ya mikorosho, ya msimu uliopita. Januari kuna sare na madaftari ya watoto wa marehemu kaka. Halafu palizi, halafu msiba, maana msiba haukosi, halafu salfa tena. Mwaka juzi nusura tuingie kangomba, yaani kuuza korosho kimagendo kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya bati za jiko la mama. Huu si ufukara, na mdogo wangu si mvivu. Pesa yake inashinda kazini kuanzia inapoingia hadi inapotoka. Lakini kwa kuwa yeye yuko huku, mapato yake ya korosho na cherehani kwenye fomu ni sifuri. Miaka yote hiyo ametulisha sisi, na bado anaandikwa kama mzigo unaosubiri kubebwa.

Haya, nakubali, shingo upande: hata sisi tunauliza. Siku ya posa baba mdogo alimkazia macho mshenga: "Mwanetu atalala wapi, na atakula nini?" Mshenga akasema kuna chumba na kuna kazi. Baba mdogo akauliza tena, "Na nyuma yake yupo nani?" Wakatajwa shangazi zake na wajomba zake, mzee akatikisa kichwa, kahawa ikamiminwa. Hilo swali la tatu ndilo wasilolijua kule. Shangazi yake shemeji yupo hukohuko Leicester, yuko tayari kuwajazia kila mwezi. Ahadi ya ndugu kwa kawaida haizibi pengo.

Upande wa nyumba, sheria si mbaya sana: mume na mke wanaweza kukaa chumba kimoja cha kwao ndani ya nyumba ya watu, mradi nyumba isijae kupita kiasi. Mwenye nyumba wake lakini anasema chumba ni cha mtu mmoja, barua hatoi. Basi ahame, alipe kodi kubwa zaidi, kwa mshahara uleule.

Na hapa mjini tuna wataalamu wetu. Wakala mmoja alikula laki mbili za mdogo wangu, akamwambia apige picha za nyumba ya mama huku Chuno, tena ipakwe rangi kwanza. Tukapaka. Picha ninazo: ukuta unang'aa, mama amechuchumaa anabangua korosho, vidole vyeusi tii, kuku wa jirani amesimama mlangoni kama mwenye hati. Kumbe nyumba inayoulizwa ni ya Leicester.

Ada ya maombi, iliyokuwa pauni 1,938 mwaka 2025, na ile ya matibabu, iliyokuwa 3,105, nazipita tu, nisije nikapandwa presha. Mtihani wa Kiingereza amefaulu. Kipimo cha kifua kikuu ni safari ya Dar es Salaam, barabara ikikubali. Mwezi Mei 2024 ilikatika Somanga.

Jana mdogo wangu amerudi tena chumbani. Mikorosho inataka salfa mwezi huu, na shemeji amemwambia asiguse hata shilingi, aiache pesa benki. Anaomba ushauri, anasema: anunue au aiache ilale?

Nimemwambia anunue. Leo asubuhi amepanda gari la Nanyamba na mifuko minne.