Kitabu Kisichoazimwa: Kitolewe au Kibaki?

Mwaka 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na Allen Kent, walitoa ripoti iliyozua ubishi mkubwa miongoni mwa wakutubi. Kati ya vitabu ambavyo maktaba yao ilivipata mwaka 1969, karibu asilimia 40 havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita ya mwanzo. Wanaotaka vitabu vipunguzwe rafuni wakapata takwimu ya kuegemea.

Hoja yao si nafasi tu. Mtoto anayesoma kwamba sayari ni tisa, ilhali Pluto iliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2006, amepotoshwa na maktaba yenyewe. Kitabu cha tiba kilichopitwa na wakati ni balaa zaidi, maana msomaji anaweza kufuata kipimo cha dawa ambacho madaktari walishaacha kukitumia. Tena rafu ikijaa machakavu, hata vilivyo vizuri havionekani.

Hapo sina ubishi. Ubishi wangu unaanza pale kompyuta inapoachiwa uamuzi: inatolewa orodha ya vitabu visivyoazimwa kwa miaka mitano, toroli linasukumwa, vinang'olewa. Chukua kimoja ukitazame. Karatasi ya tarehe ina mihuri miwili tu, wino umefifia. Lakini pembe za kurasa za katikati zimelegea kwa kushikwashikwa, na ramani yake imeungwa kwa gundi kwenye mikunjo. Watu wanakisomea mezani na kukirudisha, na mfumo hauna habari.

Maktaba ya Umma ya San Francisco ilipohamia jengo jipya mwaka 1996, ilishutumiwa kwa kutupa vitabu kupita kiasi. Mwandishi Nicholson Baker alilivalia njuga suala hilo, na idadi ya vilivyotupwa ikabaki kubishaniwa. Kwa kweli umma husamehe rafu yenye vumbi kuliko vitabu jalalani.

Mwongozo wa CREW, wa kuwasaidia wakutubi kuamua vitabu vya kuondoa, ulioanzia Texas miaka ya 1970, una busara zaidi: hupima umri wa kitabu na muda tangu kiazimwe mara ya mwisho, kisha hutazama kama kinapotosha, kimechakaa, kina toleo jipya au kinapatikana kwingine. Hilo la mwisho ndilo naliona zito. Maktaba ya tawi inaweza kuachana na kile kitabu cha sayari tisa bila hasara. Maktaba ya utafiti haiwezi, kwa sababu anayeandika historia ya ufundishaji wa sayansi atakihitaji vilevile kilivyo, na kosa lake ndani.

Wakutubi watasema hawana muda wa kushika kila kitabu. Ni kweli. Basi waanze na tiba, sheria na kompyuta, ambako uzee una madhara, na riwaya na historia zisiguswe kabla katalogi za maktaba nyingine hazijaangaliwa.