Wasio na meno kabisa hawapo kwenye foleni

Daktari wa meno hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akisema kwamba wagonjwa wasio na jino hata moja ni wachache kwake, wako wanaofarijika. Wanaona basi hali ya vinywa vyetu si mbaya. Mimi faraja hiyo siipokei.

Hoja yao ina uzito, lakini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu asilimia 7 ya watu wenye miaka 20 na zaidi duniani wamepoteza meno yote. Kwa wenye miaka 60 na zaidi, karibu asilimia 23. Kongo ni nchi ya vijana, kwa hiyo idadi ndogo haishangazi. Wala umaskini peke yake hauwamalizi watu meno. Mwaka 1968, katika England na Wales, asilimia 37 ya watu wazima hawakuwa na jino lao hata moja. Sukari ilikuwa tele, na kung'oa yote na kuvaa ya bandia lilikuwa jambo la kawaida. Kufikia 2009, England, Wales na Ireland ya Kaskazini zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 6. Koleo la daktari nalo huzalisha vibogoyo.

Ila foleni ya daktari wa meno ni ya wenye maumivu. Aliyeng'olewa jino la mwisho haumwi tena. Yuko nyumbani Kadutu au Bagira, anakula bugali na sombe, nyama amewaachia wajukuu. Hatarudi mpaka apate pesa za meno ya bandia, na wakati huo mfupa wa taya umekwisha kupungua, meno ya chini hayashiki vizuri. Kinyume chake, kliniki inayotengeneza meno ya bandia itawaona wengi mno. Madaftari yote mawili yanasema kweli kuhusu waliofika, na hakuna linalosema kweli kuhusu mji.

Kinachoniuma zaidi ni safari ya kufikia kutokuwa na jino. Kanda ya Afrika ina takriban madaktari wa meno 3 kwa watu 100,000. Wastani wa dunia ni kama 33. Kutibu mzizi wa jino mara nyingi kunadai kurudi mara kadhaa, kung'oa kunaisha siku moja. Mama anayeuza kwenye soko la Nyawera atachagua nini? Anachagua kwa akili kabisa, jino kwa jino, mpaka yanaisha.

Japani tangu 1989 inahimiza mtu afike miaka 80 akiwa na meno 20. Hesabu ya namna hiyo ndiyo naitaka hapa: kila mtu mzima anayefika aandikiwe meno yaliyobaki. Wauguzi watasema kazi ni nyingi, na ni kweli, lakini kuhesabu meno kunahitaji mwanga na dakika chache. Na aliyebakiwa na 22 aambiwe, kabla koleo halijashikwa, bei ya kuziba, bei ya kung'oa, na bei ya meno ya bandia atakayoyahitaji baadaye.