Mbona hajamwambia samahani?

Mtoto wa dada yangu ana miaka mitano. Kusoma bado hajajua, lakini picha anazisoma kuliko mimi. Juzi nilimpakata nikimsomea kitabu cha mtoto mgeni anayekataliwa na wenzake. Katikati ya kitabu wanamnyang'anya mpira na kumcheka anavyotamka maneno. Ukurasa wa mwisho wote wameshikana mikono, jua linawaka, na chini pameandikwa kwamba sisi sote ni marafiki. Nikafunga kitabu. Yeye akakifungua tena, akarudi mpaka kwenye mpira, akaweka kidole juu ya yule mvulana aliyeunyakua.

"Mama mdogo, mbona hajamwambia samahani?"

Nilipekua ukurasa mmoja mmoja. Kweli, hakuna mahali popote. Kati ya kumcheka na kumshika mkono kuna karatasi moja tu ya kugeuza. Hata mpira wenyewe hauonekani tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivisoma upya vitabu vya picha vinavyofundisha amani, na naona wengi wetu tunaovipenda tuna haraka mno ya kupatanisha. Aliyeonewa ndiye anayebebeshwa kazi yote. Yeye ndiye asamehe, yeye ndiye atabasamu, yeye ndiye anyooshe mkono kwanza ili kitabu kiishe vizuri. Mtoto anayesikiliza akiwa pajani anaelewa haraka sana: ukidhulumiwa, usiwaharibie wenzio furaha. Hayo si mafunzo ya amani. Ni kumfundisha mtoto kunyamaza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Ningependa haki hiyo imfikie hata mtoto aliyechorwa kwenye karatasi. Tumpe ukurasa mmoja tu wa kusema, "Mliniumiza," kabla ya kuimba pamoja.

Watu huniambia watoto ni wadogo, wanahitaji mwisho mwema. Sikatai. Lakini mwisho mwema na mwisho wa haraka ni vitu viwili.

Ninapofikiria kitabu cha amani, namkumbuka Jella Lepman. Alikuwa mwandishi wa habari Mjerumani wa Kiyahudi aliyekimbilia Uingereza mwaka 1936 kuwaepuka Wanazi. Vita vilipoisha mwaka 1945 alirudi kwenye nchi ileile iliyomfukuza, akakuta miji imekuwa magofu na watoto wana njaa. Akaandikia nchi nyingine akiomba vitabu vya watoto. Ubelgiji ikakataa kwanza, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameivamia mara mbili. Lepman hakuwaambia Wabelgiji wasahau. Aliwaandikia tena, akawasihi wawafikirie watoto, na vitabu vikaja. Maonyesho yakafunguliwa Munich mwaka 1946, na miaka mitatu baadaye maktaba ya kimataifa ya vijana ikaanzishwa hapohapo. Kila nikiisoma habari hii nasimama kwenye lile jibu la kwanza la Ubelgiji. Liliruhusiwa kusemwa, tena kwa maandishi, na amani ikajengwa juu yake bila kulifuta.

Moja ya hadithi alizotaka watoto wa Ujerumani wazipate ni ile ya Ferdinand, fahali asiyetaka kupigana, iliyotoka Marekani mwaka 1936 na kupigwa marufuku na utawala wa Hitler. Ilichapishwa nakala 30,000 kwenye karatasi ya magazeti kwa ajili ya watoto wa Berlin. Sisi tuliozoea kusikia kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja tunangoja pembe zigongane. Lakini Ferdinand anaketi katikati ya uwanja ambako watu hupigana na mafahali, na kunusa harufu ya maua waliyovaa akina mama kichwani. Hakuna sentensi inayosema amani ni bora, wala hakuna anayemkumbatia mwenziwe mwishoni. Wapiganaji wanabaki na hasira zao, naye anarudishwa nyumbani chini ya mti wake. Mwandishi na mchoraji walimwamini mtoto.

Katika ujumuishi, yaani kuwaingiza watoto wa kila aina vitabuni, ninaona haraka ileile, ila imevaa nguo nyingine. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa fasihi ya watoto nchini Marekani, aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo cha mtoto kujiona, au dirisha la kuwaona wengine. Vioo vilikuwa haba kweli: katika vitabu vya watoto takribani 2,500 vilivyotoka Marekani mwaka 1985, vilivyohesabiwa kuwa na mwandishi au mchoraji Mwafrika-Mmarekani vilikuwa 18 tu. Leo wachapishaji wanajitahidi zaidi, lakini kuwekwa kwenye picha hakutoshi. Tazama yule mtoto wa kiti cha magurudumu amewekwa wapi. Mara nyingi yuko pembeni, anapiga makofi wenzake wakicheza. Au basi amepewa hadithi nzima, lakini lazima amwokoe mtu kwanza ndipo aitwe mchezoni. Mbona wenzake hawadaiwi ushujaa ili wakaribishwe? Nataka kitabu ambamo mtoto huyo anaiba zamu, ananuna, anashindwa, anachekesha, na kiti chake kina matope kwenye magurudumu kwa sababu kutwa alikuwa nje. Na asiwe mwalimu wa mtu yeyote.

Kwa hiyo siku hizi dukani nasoma maneno mwishoni. Naanza na picha peke yake, nikiangalia mikono: nani ameshika kitu, nani anatoa, nani anapokea tu.

Kile kitabu cha mpira hatukukitupa. Nilimpa karatasi na kalamu za rangi, achore ukurasa uliokosekana. Alimchora yule mvulana ameukumbatia mpira kwa mikono miwili, mdomo wazi. Nikamuuliza anasema nini.

"Anasema, 'Mimi ndiye niliyeuchukua.'"

"Na mwenzake anamjibu nini?"

Akautazama mchoro wake kwa muda. "Bado anafikiri."

Tumeibandika karatasi hiyo katikati ya kitabu kwa gundi.