Vichangamshi na Kumbukumbu ya Mtu Mzima Mwenye Afya

Methilifenideti, inayojulikana zaidi kwa jina la Ritalin, iliundwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na leo madaktari huwaandikia hasa wagonjwa wenye upungufu wa umakini. Pamoja na amfetamini, kichangamshi kingine, imepata soko jingine miongoni mwa wanafunzi na wafanyakazi wasio na ugonjwa wowote, wanaotaka kukesha na kazi na bado wakumbuke walichosoma.

Wanaozitetea hawasemi ovyo. Dawa hizi huzuia dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo chembe za neva hutumia kupashana habari, zisirudi upesi katika chembe za neva zilizozitoa, hivyo kiasi chake huongezeka, hasa katika sehemu ya mbele ya ubongo inayotuwezesha kushika jambo akilini tunapolifanyia kazi. Katika utafiti wa Cambridge uliochapishwa mwaka 2000, Mehta na wenzake waliwapa wanaume wenye afya methilifenideti, kisha wakapima mtiririko wa damu ubongoni wakati wa zoezi la kukumbuka mahali. Makosa yalipungua, na damu iliyokwenda katika sehemu zinazobeba kazi hiyo ikapungua pia, ishara kwamba ubongo ulifanya kazi kwa gharama ndogo zaidi. Isitoshe, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Ilieva, Hook na Farah mwaka 2015 ulionyesha kuwa faida huwa ya wastani pale mtu anapoulizwa baadaye alichojifunza, ingawa katika majaribio mengine ilikuwa ndogo.

Tatizo ni kwamba faida hiyo haigawanyiki sawasawa. Kwa Mehta, walionufaika zaidi ni wale ambao uwezo wao ulikuwa mdogo tangu mwanzo. Mattay na wenzake walikuta mwaka 2003 kwamba watu ambao kwa kurithi huivunja dopamini haraka walisaidiwa na amfetamini, ilhali wanaoivunja polepole waliharibikiwa zoezi lilipokuwa gumu. Dopamini ikipita kiwango, utendaji hushuka. Kwa hiyo anayefanya vizuri tayari ndiye mwenye cha kupoteza.

Jaribio la Bowman na wenzake, la mwaka 2023, linaonyesha hasara hiyo kwa karibu. Watu 40 walipewa orodha ya vitu, kila kimoja na uzito na thamani yake, wachague vya kujaza mkoba usiozidi uzito fulani huku thamani ikiwa kubwa iwezekanavyo. Waliokunywa dawa walitumia muda mrefu zaidi, wakahamisha vitu mara nyingi zaidi, lakini thamani waliyopata ilikuwa ndogo kuliko walipopewa kidonge bandia kisicho na dawa. Bidii iliongezeka, ubora ukashuka. Kwa maoni yangu, hapa ndipo sifa ya dawa hizi inapotoka: mwenye kuzinywa huhisi anajituma, naye huchukulia hisia hiyo kuwa ni akili. Tena, dawa inayonywewa jioni hula usingizi, na usingizi ndio unaoimarisha kumbukumbu ya yaliyosomwa mchana.

Mwanafunzi wa Meru au Nairobi anayetafuna miraa usiku wa kuamkia mtihani hayuko mbali na mjadala huu, kwa kuwa kathinoni, kemikali inayochangamsha iliyomo ndani ya miraa, inafanana na amfetamini kwa umbo na kwa kazi. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo kinachojulikana, ilhali kathinoni hupungua kadiri miraa inavyokauka, na hakuna muuzaji awezaye kumwambia mteja ametafuna kiasi gani.