Eti maziwa ya mama ni bure

Kila nikisikia mtu anasema maziwa ya mama ni bure huwa namwangalia tu, maana mara nyingi msemaji ni mwanaume, au ni mtu kasahau alivyokuwa anaamka saa nane usiku. Bei nafuu kuliko maziwa ya unga ya kopo, hapo sibishi. Mtoto wa kilo 5 anaweza kunywa karibu mililita 750 kwa siku, hiyo ni kama gramu 100 za unga, kwa hiyo kopo la gramu 400 siku ya nne limeisha. Siku nne! Na hapo hujagusa chupa, chuchu za kubadilisha, gesi ya kuchemshia maji na vyombo, halafu akibakiza kwenye chupa unamwaga, huwezi kumtunzia baadae kwa sababu bakteria wanazaliana humo haraka sana. Hela ikikata ndo watu wanaanza kupunja unga, vijiko vinne panapotakiwa vitano, mtoto anajazwa maji, uzito unashuka, na ile hela uliyobania unaipeleka hospitali.

Sasa njoo kwa mama. Anayenyonyesha anahitaji kalori kama 500 za ziada kwa siku, yaani mlo mwingine kabisa juu ya ile aliyozoea, na nyumba nyingi huo mlo haupo, mama anakula kile kile halafu watu wanajisifu wameokoa hela. Wameokoa kutoka mwilini mwake.

Na muda je? Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, we piga mara 10 tu, dakika 20 kila mara, ni masaa matatu na dakika 20, Jumapili imo na sikukuu imo. Chupa nayo inakula muda, sikatai, ila chupa hata baba anaweza kuishika.

Kinachonichosha zaidi ni habari ya kazi. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 maziwa ya mama peke yake, hiyo ni wiki kama 26, wakati mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unaweka kiwango cha chini cha likizo ya uzazi wiki 14. Hizo wiki 12 katikati ni za nani? Mama ndo anabeba pampu, anajifungia chooni kukamua, anahangaika na friji maana nje ya friji yanakaa masaa kama manne tu, au anaacha kazi kabisa na mshahara unakatika, na bado wanaita bure.

(Kama maziwa hayatoki, au upo kwenye dawa na daktari kakukataza kunyonyesha, mahesabu haya sio yako, nunua kopo kwa amani.)

Ningekuwa mimi napanga bajeti ya nyumba yenye kichanga kinachonyonya, bei ya kopo ningeitenga vile vile kila baada ya siku nne, ila anapewa mama, ale vizuri na apate mtu wa kumfulia.