Risiva ya Bei Nafuu: Nileteeni Aliyepitisha Nayo Kaskazi

Mtu aliyenunua risiva ya hom thieta juzi, yaani mashine inayoendesha spika za sinema ya nyumbani, hana maoni bado, ana furaha. Amefungua boksi, ameunga spika, amecheza ile filamu ya helikopta inayopita nyuma ya kiti, na sasa anamwambia kila mtu kwamba kwa bei ile hupati tena kitu kama hiki. Simlaumu, raha ni yake. Lakini wenzangu wa barazani hapa Majengo wakiniuliza wanunue ipi, siwapelekei maneno ya mtu huyo. Nawatafutia mwenye risiva hiyo hiyo ambaye ameshapitisha nayo kaskazi nzima, Desemba hadi Machi, hapa hapa Mombasa. Huyo akisema bado ni nzuri, basi ni nzuri.

Sababu ni joto. Risiva ya kawaida ya 5.1 (spika tano na moja ya besi) ni amplifaya tano zilizobanwa ndani ya sanduku moja la bati, pamoja na transfoma na saketi za picha. Amplifaya za aina inayotumika kwenye risiva nyingi za bei nafuu hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, hata ukiwa unasikiliza taarabu kwa sauti ya chini. Mtu wa Uingereza anayetoa maoni yake mwezi wa Januari hana habari na hilo, na pengine paka wake hulala juu ya risiva. Sisi chumba chenyewe kimeshafika nyuzi 32 kabla hujawasha kitu. Ndiyo maana malalamiko ya wenye risiva wa Mombasa yanafanana sana: inacheza vizuri kipindi cha kwanza chote, mpira unafika dakika ya themanini, mara kimya. Taa inamweka. Ukiigusa kwa juu unaurudisha mkono haraka.

Sasa nenda ukaitazame ilipowekwa. Iko ndani ya woluniti yenye mlango wa kioo, nyuma kumezibwa kwa ubao, na juu yake kuna kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mama amekitandika ili vumbi lisiingie. Vumbi kweli haliingii. Hewa nayo haitoki, kwa sababu matundu mengi ya kupumulia yako juu, chini ya kitambaa kile. Vitabu vya maelekezo huomba nafasi wazi kila upande na kubwa zaidi juu, lakini ni nani anayekisoma kitabu hicho? Itoe kabatini, iweke kwenye rafu iliyo wazi, na ukiweza itafutie feni ndogo ya kompyuta inayotumia USB, ipulize pole pole kutoka ubavuni. Suala la kitambaa linataka adabu. Kwetu lilimalizwa kwa kukihamishia juu ya spika ya besi, pamoja na maua yake ya plastiki, na kila mtu akaridhika.

Kwa hiyo mtu anapoitukana risiva kwamba inajizimazima, mimi kwanza huuliza maswali mawili: umeiweka wapi, na umeiunga na spika gani? Hilo la pili watu hulisahau. Wengi hununua risiva wakidhani ni seti kamili, wanafungua boksi, hamna spika hata moja. Basi wanachukua zile za hom thieta ya zamani iliyokufa, ile ya boksi moja yenye deki ya DVD, wanakata plagi zake na kuzichomeka. Nyingi kati ya hizo ni spika za omu 3 au 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme), ilhali risiva za bei nafuu kwa kawaida hutaka omu 6 kwenda juu. Spika ya omu ndogo huvuta mkondo mkubwa wa umeme, risiva inachemka, inajilinda, inazima. Imefanya kazi yake, halafu inatukanwa.

Tuje kwenye wati, maana hapo ndipo baraza hugombana.

"Ami, hiyo yako wati ngapi?"

"Sabini."

"Ah! Ya kwangu elfu nane."

Ya elfu nane ni wufa, yenye stika ya PMPO, zile wati za kilele za kutangazia biashara, usoni na taa zinazobadilika rangi. Ipindue usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa inatumia umeme kiasi gani. Ukikuta inavuta wati 60 ukutani, hizo elfu nane inazitoa wapi? Kampuni kubwa nazo zina ujanja wake, ila zenyewe huuandika waziwazi kwa anayejua kusoma. Chukua risiva ya Yamaha RX-V385, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo imekuwa mlango wa kuingilia kwa watu wengi. Kipimo chake kimoja ni wati 70 kwa kila chaneli, spika mbili zikilia kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000 (besi nzito hadi sauti nyembamba kabisa), mkwaruzo, yaani sauti kuharibika, ukiwa 0.09%. Kipimo kingine cha mashine ile ile ni wati 135: chaneli moja tu, toni moja ya hezi 1,000, mkwaruzo 10%. Hakuna uongo hapo. Lakini muuzaji hutaja 135, na wewe utaishi na ile ya kwanza, tena ikipungua chaneli zote tano zikifanya kazi pamoja.

Na wala hilo lisikunyime usingizi. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji karibu mara kumi ya wati. Kati ya risiva ya 70 na ya 90, kwenye sebule ya Tudor au Mikindani, hutasikia kitu. Spika yenye wepesi wa kulia, ya desibeli 90 badala ya 87 kwa wati ile ile moja, itakupa faida sawa na kununua amplifaya ya nguvu maradufu. Pesa iliyobaki ipeleke kwenye spika, na uanze na mbili nzuri za mbele. Spika tano mbovu ni kelele kutoka pande tano.

Ukiongeza ya tatu, iwe ya katikati. Hapa ndipo maoni ya mke, mama na shangazi yanapokuwa na thamani kuliko ya sisi wanaume wa besi. Malalamiko yao ni yale yale: "Siskii wanasema nini, halafu ghafla bomu." Kwenye sauti ya 5.1 maneno mengi ya waigizaji hupitia spika ya katikati. Ukiipandisha peke yake desibeli mbili tatu, maneno yanakuja mbele bila mabomu kuongezeka, na hilo spika za TV hazikupi. Usiku wa Ramadhani, watu wametoka tarawehe na wanasubiri daku, washa pia ile hali ya usiku inayopunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Jirani wa ukuta mmoja atakushukuru, na kama hatakushukuru basi punguza spika ya besi, kwa sababu besi hiyo ukuta hauizuii.

Risiva nyingi hata za chini huja na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Unaikalisha pale kichwa chako kinapokaa, risiva inapiga sauti za ajabu, kisha inapanga yenyewe umbali na ukubwa wa kila spika. Ni kitu kizuri mno, na kinatumiwa vibaya mno. Watu wanapima feni ya dari ikizunguka, tuktuk ikipita dirishani, na mtoto akiuliza kila toni hiyo ni nini. Zima feni, vumilia jasho dakika chache, chagua saa ya asubuhi watoto wakiwa shule na adhana iko mbali. Majibu yakitoka, usishtuke ukiambiwa spika ya besi iko mita nyingi kuliko futi kamba inavyosema: risiva inahesabu pia ucheleweshaji wa saketi za ndani ya spika ile. Iache hivyo.

Kuna jambo ambalo maoni ya nje hayaligusi kamwe, nalo ni chumvi. Ukikaa karibu na bahari, chomoa waya wa spika baada ya mwaka uuangalie. Shaba iliyokuwa ikimeremeta imeingia rangi ya kijani, na nyuzi nyingine zinakatika kwa kucha. Sauti inaanza kukatika upande mmoja, mtu anasema risiva imekufa. Kata kipande cha mwisho, menya upya, sokota nyuzi ziwe kitu kimoja, rudisha. Vile vibanio vya springi ambavyo kampuni huweka kwenye risiva za bei ya chini ndivyo vinavyolegea kwanza, kwa hiyo ukiona mbili zinalingana bei na moja ina vibanio vya kukaza kwa mkono, chukua hiyo.

Umeme nao. Weka gadi, ile ile ya friji, yenye kuchelewesha umeme unaporudi, kwa sababu ukirudi kwa kishindo ndio unaoua. Ukinunua mtumba, wa Uingereza ndio unaotufaa: volti zetu, plagi yetu ya pini tatu. Wa Marekani ni volti 120 na wa Japani 100, uchomeke ukutani uone moshi, na redio ya FM ya Japani huishia mapema, haifiki stesheni zetu za juu. Risiva ya zamani isiyopitisha picha ya 4K isikutishe: king'amuzi na vingine vyote chomeka kwenye TV, halafu teremsha sauti kwenye risiva kwa HDMI yenye ARC (njia ya kurudisha sauti kutoka TV) au kwa waya wa optiko, ule unaobeba sauti kwa mwanga.

Mimi ningeinunua risiva ya bei nafuu kabla ya wufa na kabla ya saundiba (ile spika ndefu ya chini ya TV yenye kila kitu ndani), kwa hoja moja. Kikifa kimoja hapa, kingine kinabaki. Spika zako zitahudumia risiva mbili au tatu, na risiva yenyewe ina transfoma na vipuri ambavyo fundi wa mtaani anavielewa. Saundiba ikipata kutu kwenye bodi, imekwenda yote.

Ila kwenye mtumba usitoe pesa kabla hujaiona rimoti yake asilia na maikrofoni yake. Maikrofoni ya kampuni nyingine haitakupa kipimo sahihi, na rimoti hizi zinazouzwa barabarani mara nyingi hazina kitufe cha kuingilia mipangilio. Utaifikisha nyumbani inalia vizuri kabisa, menyu yake yote ikiwa ya Kijerumani, na hutakuwa na njia ya kuibadilisha.