Ati akikufanya kitu ndio urudi

Mimi nimezaliwa baraksi ya polisi Nsambya, Kampala, ndani ya zile yuniporti za mabati, saa saba ya mchana hata panya anatoka nje kutafuta kivuli. Mzee wangu alikuwa konstebo mpaka akastaafu. Kiswahili nilikipata pale pale baraksini, sio shuleni, kwa hiyo msinione nalalamika mkadhani ni wale wanaochukia polisi tangu tumboni kwa mama. Nawapenda, ni watu wangu, na ndio maana hii kitu ya mdogo wangu kutapeliwa, kutishiwa, alafu kuambiwa kaunta arudi nyumbani imeniuma hivi.

Mdogo wangu anauza jusi na maji baridi karibu na steji ya boda boda. Alitaka friza, yuzdi tu, iliyokwisha tumika, maana kila asubuhi kununua barafu kunamalizia faida yote. Akaiona Facebook, hiyo hiyo Facebook iliyofungwa Uganda tangu Januari 2021 na sisi wote tunaingia na VPN kama wezi wa kuku, friza safi, bei laki nane na nusu, muuzaji anaandika Kiswahili kitamu na Kiganda juu yake. Akamwambia tuma laki nne na nusu kwanza nikufungie mzigo. Alipokuwa anatuma mobail mani jina likatokea la mwanamke, akauliza, akaambiwa ni la mke wangu usiwe na wasiwasi. Akatuma. Baadaye ikaombwa elfu sitini ya gari, akatuma tena (hapo ndio huwa nataka kumpiga kofi lakini ni mdogo wangu), alafu simu ikazimwa.

Bafere, ndio tunavyowaita matapeli wa hivi huku, mmoja ni mufere. Kama ingeishia hapo labda tungenyamaza, watu wengi wananyamaza, unasema nimekula hasara maisha yaendelee. Shida ni kwamba mdogo wangu ana mdomo. Alichukua ile namba na picha ya friza akazitupa kwenye magrupu ya wasapu ya wachuuzi, jamani huyu ni mufere msimtumie hela. Siku ya pili akapokea picha kutoka namba ingine. Picha ya kibanda chake, imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara, mwavuli mwekundu unaonekana na yeye ameinama anaosha glasi. Chini yake maneno machache tu: futa ile kitu ama nakumwagia asidi, mtoto wako anavaa sweta ya kijani. Na kweli anavaa sweta ya kijani.

Uganda hii asidi sio utani. Kila mtu anamjua ama amemwona mtu ambaye uso wake ulibadilishwa na jerikani ndogo.

Tukaenda polisi, Jumamosi mchana. Sitataja kituo gani maana sitaki kumchomea mtu kazi, na pia nadhani ukienda kingine utakuta ni yale yale. Kaunta ina konstebo mmoja, kijana, anakula roleksi, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, iliyofungwa kwenye karatasi ya mtihani wa shule. Mdogo wangu akaanza kueleza kwa Kiganda, sauti inatetemeka, kijana anasikiliza nusu nusu, alafu akasema nnyabo, yaani mama, hayo ni mambo ya mtandao, nenda kwa kampuni ya simu. Tukamwambia tumetoka huko, wametuambia tulete barua ya polisi. Akacheka kidogo. Alafu akauliza swali ambalo mpaka leo sijui nilie ama nicheke: kwani Facebook si ilifungwa, wewe uliingia na nini? Mdogo wangu akanyamaza kabisa, akaangalia chini, mtu aliyekuja kushtaki sasa anajiona yeye ndiye mshtakiwa.

Na ule ujumbe wa asidi? Akaushika simu, akasoma, akarudisha. "Amekugusa? Hajakugusa. Akikufanya kitu ndio urudi."

Hapo ndio nikasogea kaunta. Nikasema jambo afande, mimi mtoto wa Nsambya, mzee wangu alikuwa jenero dyuti, askari wa kazi za kawaida, hapo zamani, nikaendelea na Kiswahili kile cha baraksi chenye kona kona zake. Mambo yakabadilika papo hapo. Kiti kikaletwa. Kitabu cha esidi, kile cha kituo cha kuandikia kila tukio, kikafunguliwa. Tukaandikiwa namba ya rejea kwenye kikaratasi, tukapelekwa chumba cha nyuma kwa mpelelezi. Nilifurahi kwa dakika mbili hivi alafu nikaona aibu, kwa sababu yule mama aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni na mtoto mgongoni hakuwa na baba polisi, na Kiswahili kwake ni lugha ya mtu mwenye bunduki anayesimamisha taksi usiku. Katiba inasema tangu 2005 ni lugha rasmi ya pili, sawa, lakini pale kaunta ilikuwa lugha ya kujuana.

Mpelelezi alikuwa mtu mzuri, nataka niseme hivyo. Mezani kwake mafaili yamepangwa mpaka yanaegemea ukuta. Akasema printi zile meseji zote. Ng'ambo ya barabara kuna mwanamke mwenye kompyuta na printa, karatasi moja shilingi 500, tukaprinti skrinishoti kumi na nne. Akasema atahitaji airtime ya kupiga simu. Akasema kama tunataka twende na huyo mtu akamatwe basi kuna mafuta ya gari. Ukutani nyuma yake kuna bango kubwa, dhamana ya polisi ni bure. Nilikuwa nalitazama lile bango wakati nahesabu elfu thelathini.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana watu wanapenda kusema Uganda haina sheria ya mambo ya mtandao. Ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ni ya 2011, ikaongezewa makali 2022. Kwenye ile ya 2011 kifungu cha 19 ni utapeli wa kielektroniki, miaka mpaka 15. Kifungu cha 24 ni usumbufu wa mtandaoni na ndani yake wameandika waziwazi kutishia kumdhuru mtu ama mali yake, miaka mpaka 3. Kifungu cha 26 ni kumfuatafuata mtu kwa vitisho, miaka mpaka 5. Na hata bila kompyuta, Penal Code, sheria yetu ya makosa ya jinai ya tangu 1950, ina kosa la kutishia vurugu, kutishia peke yake, hakuna mahali imeandikwa ungoja umwagiwe kwanza. Kwa hiyo yule kijana aliposema akikufanya kitu ndio urudi, hakuwa anasoma sheria, alikuwa anatupunguza kwenye foleni.

Na hiki kifungu cha 24, mnakijua kwa jina lingine. Ndicho kilichomfunga Stella Nyanzi mwezi wa nane 2019, miezi 18, kwa shairi aliloweka Facebook kuhusu rais na marehemu mama yake, mpaka Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020. Mwezi wa saba 2024 mahakama Entebbe ikamfunga Edward Awebwa, kijana wa miaka 24, miaka sita, kwa yale makali ya 2022, kwa video za TikTok za kumtukana rais na familia yake. Sisemi matusi ni mazuri, mama yangu angenichapa. Nachosema ni kwamba mtu alikaa chini akamtafuta mwenye akaunti, akamfuata, akamkamata, akamfikisha kortini. Kumbe uwezo upo. Kumbe mtandao sio pepo asiyeshikika kama tunavyoambiwa pale kaunta. Sheria ile ile, polisi wale wale, tofauti ni nani ameumizwa.

Alafu wanakuambia ni vigumu kumpata. Vigumu vipi? Hela ya mobail mani haipai hewani, inatua kwenye namba, inatolewa kwa ajenti, na ajenti ana kitabu anachoandika namba na kiasi na mtu anatia sahihi. Simkadi zimesajiliwa, 2017 tulikimbizana na vitambulisho vya taifa foleni mpaka barabarani ati namba zisifungwe. Najua, najua, laini nyingi zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine, bibi wa kijijini aliyeazimwa kitambulisho kwa kilo ya sukari. Hata yetu ilikuwa hivyo, jina lililotokea ni la mama mmoja ambaye mpelelezi alimpigia akakuta hajui hata Facebook ni nini, anauza mihogo. Namshukuru Mungu hawakumkamata yeye ili faili lionekane linatembea, maana hiyo pia inatokea. Lakini laini inashikwa na simu, simu inalala mahali, inapiga watu wengine.

Kinachoua kesi ni saa. Hela inatolewa kabla hujamaliza kulia. Kampuni ya simu haitoi rekodi bila karatasi ya korti, na hapo siwalaumu, mimi pia sitaki kila askari asome nani nimempigia. Kifungu cha 9 kinamruhusu mpelelezi aombe korti iamuru data ihifadhiwe isipotee. Sasa yule mpelelezi wetu alikuwa amechukua maelezo Jumamosi, Jumatatu OC wake, mkubwa wake wa kazi, yuko mkutanoni, Jumatano sahihi ikapatikana, Ijumaa ndio barua ikatoka. Siku sita! Na hiyo ni sisi wenye Kiswahili cha baraksi.

Nikampigia mzee. Akanyamaza kidogo kwenye simu alafu akaniambia, mwanangu, mimi wakati wangu karatasi ya kuandikia maelezo nilikuwa nanunua na mshahara wangu, na bado kalamu. Sikuwa na la kumjibu. Nakumbuka ile rimu ya karatasi juu ya kabati, tulikuwa tunakatazwa kuchorea. Kwa hiyo simtukani yule mpelelezi aliyeomba airtime. Lakini mtu aliyeporwa laki tano na kitu hawezi kuwa ndiye anayegharamia upelelezi wake mwenyewe, na konstebo wa kaunta asiwe na ruhusa ya kumrudisha nyumbani mtu aliyetishiwa asidi. Aandike tu! Afungue esidi, achukue namba, atume mbele siku hiyo hiyo, hata kama mkubwa yuko Kibuli kwenye makao makuu ya upelelezi ama yuko harusini.

Kama yamekukuta, usifute chochote, hata kama unaona kinyaa kuisoma. Usibadilishe simu. Ile namba ya muamala iandike pembeni. Na usitoke kituoni bila namba ya esidi mkononi, bila hiyo wewe hukuja, ni upepo ulipita. Wakikataa panda kwa DPC, mkubwa wa polisi wa wilaya, akikataa na yeye kuna wale wa Professional Standards wanaopokea malalamiko juu ya polisi wenyewe. Utachoka. Mimi nilichoka na nilikuwa na kiti.

Mdogo wangu alifuta ile posti. Nilimwambia asifute, akaniangalia tu akasema wewe mtoto wako havai sweta ya kijani. Kibanda amekihamisha upande wa pili wa steji, mtoto anapelekwa na kurudishwa na boda mmoja tunayemjua, kila siku elfu nne. Vitisho vimenyamaza, sijui kwa sababu ya barua ama kwa sababu ya kufuta. Faili lipo. Yule mpelelezi mzuri amehamishwa, mpya anaitwa nani hata hatujamwona uso, simu yake inaita tu.

Juzi usiku akanitumia skrinishoti. Ile friza imerudi Facebook, picha ile ile, hata mkwaruzo mdogo kwenye mlango ni ule ule, jina jipya, namba mpya, bei imeshuka imekuwa laki saba. Chini yake watu kumi na kitu wameshauliza bado ipo?

Nimeshaiprinti, shilingi 500. Jumatatu narudi nayo.